Bunduki ya Mjomba, Fungu la Baba

Baba yangu na mjomba wangu walifundisha uhusiano wa kimataifa kwa miaka kumi na mmoja, kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana, bila mshahara, bila ubao, na bila mwanafunzi mwingine ila mimi. Wenyewe hawakujua kwamba wanafundisha. Walidhani wanagombana.

Darasa lilianzia kambini, chini ya turubai, tulipoingia Kenya tukiwa wakimbizi, na kambi ilipofungwa likahamia kwenye vyumba viwili tulivyopanga Mombasa. Mjomba alikuwa akitoka msikitini anapitiliza kwetu, anavua viatu mlangoni, anauliza kuna nini leo, ingawa harufu imekwisha kumwambia. Mama alipika basta, yaani tambi, kwa mchuzi wa samaki, kama tulivyozoea kwetu, na wale wawili walikula sinia moja kimya kimya, kila mmoja akimsogezea mwenzake mnofu mzuri. Kahawa ikiletwa tu, vita vinaanza.

Mada haikubadilika hata siku moja. Kisiwa chetu cha Chovae, huko pwani ya Somalia, tulikipoteza kwa kosa la nani? Baba alisema ni kwa sababu ya bunduki ya mjomba. Mjomba alisema ni kwa sababu bunduki ilikuwa moja tu.

Mjomba alikuwa kaka mkubwa wa mama, fundi wa kuunda vyombo vya baharini, mrefu, mwenye mikono mikubwa na pengo la meno mawili ya mbele ambalo nitaeleza lilikotoka. Baba alikuwa nahodha wa mashua ya uvuvi, mfupi, mwenye sauti ya chini na ubishi ambao sauti ile ya chini iliufanya uudhi zaidi. Waliitana mwamu, kama mashemeji wanavyoitana kwetu, na hata ugomvi ulipopamba moto hawakuacha kuitana hivyo. Niliwapenda wote wawili sawasawa. Sikujua kwamba siku moja nitatakiwa nichague.

Chuo kikuu, Nairobi, nilikwenda kwa msaada wa wafadhili waliokuwa wakitafuta mtoto wa mkimbizi mwenye alama nzuri. Kwenye fomu nikachagua uhusiano wa kimataifa kwa sababu ya kitoto kabisa: niliona neno kimataifa nikafikiri hawa ndio watu wanaotoa viza. Nilipogundua kosa langu nilikuwa nimekwisha kununua madaftari.

Mhadhiri wetu alikuwa mtu wa bara, mwembamba, mpole, mikono ya koti lake daima ina vumbi la chaki. Siku ya kwanza alichora miduara ubaoni. Kila duara ni dola, akasema, na juu ya miduara hii hakuna mkubwa. Hakuna polisi wa kumwita. Kwa hiyo kila mmoja hana budi kujilinda kwa nguvu zake, na asiyejilinda ataliwa. Huo ndio uhalisia, nadharia kongwe kuliko zote katika somo hili. Nilikaa pale na kalamu mkononi nikimsikia mjomba neno kwa neno, kasoro pengo.

Wiki iliyofuata alituletea wapinzani wao, waliberali. Hao husema kwamba watu wakikutana mara kwa mara, wakauziana, wakaweka taratibu za kugawana, kila mmoja huona faida ya kesho ni kubwa kuliko ya kumpora mwenzake leo. Nikacheka kwa sauti. Mhadhiri akasimamisha chaki akauliza kuna nini. Nikamwambia kwamba hayo baba yangu huyasema kila Ijumaa. Akaniuliza, kwa heshima zote, baba amesomea wapi. Nikamwambia Chovae. Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayepajua.

Basi nilisoma kwa raha ambayo wenzangu hawakuielewa. Wao walikuwa wakikariri. Mimi nilikuwa nikisikia nyumbani kwetu. Kilichoniudhi ni vitabu vilipofika kwetu hasa. Somalia ilikuwa na sura yake, na sura hiyo ilisema kwamba dola ilipoanguka kulibaki utupu, na penye utupu hakuna utaratibu. Nilikifunga kile kitabu kwa kishindo mpaka mtunza maktaba akanitazama juu ya miwani. Chovae dola haikuonekana hata ilipokuwapo. Aliyekuja ni karani mmoja kutoka mji wa Kismayu, kwa nadra, naye bahari ilikuwa ikimtapisha njia nzima, akifika hana hata nguvu ya kutuamuru. Na bado samaki waligawanywa kila siku ya Mungu, wala sikuwahi kuona mtu akimpiga mwenzake kwa ajili ya mgao.

Mgao wetu ulikuwa hivi. Mashua zilizovua pamoja zikirudi, samaki humwagwa juu ya makuti mchangani, na wazee hupanga mafungu kwa idadi ya nyumba, wakijitahidi kuyasawazisha: hapa changu wawili wakubwa, pale tafi wengi wadogo. Lakini mafungu hayawi sawa kamwe, na kila mtu analijua hilo. Kwa hiyo kila nyumba hutoa alama yake, kijiti, kombe, kipande cha kamba, kokwa ya tende, na alama zote hupewa mtu ambaye hakuona mafungu yakipangwa wala hakuona nani katoa nini. Kwa miaka mingi mtu huyo alikuwa mama yangu. Aliitwa kutoka nyumbani, akapewa alama ndani ya kikapu kidogo, akapita akiweka moja moja juu ya mafungu kama anayeweka vikombe mezani. Alama yako ikitua, hapo ndipo riziki yako ya siku hiyo. Hapana rufaa.

Mwaka serikali ilipoanguka nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Kismayu ilishikwa na kundi hili, ikanyakuliwa na kundi lile, ikarudi tena, na sisi visiwani tulipata habari kwa wale wanaokwenda huko kuuza samaki. Kisha wenye silaha wakagundua kwamba visiwani kuna mashine za boti, nyavu na dhahabu za wanawake, na kwamba wenyeji hawana hata gobori. Walianza visiwa vya karibu na mji. Watu wa Koyama walifika kwetu na nguo za mwilini tu. Mama aliwapa chumba chetu cha mbele, na tukalala tumebanana kwa mwezi mzima.

Wanaume walikutana msikitini baada ya sala ya alasiri. Mjomba alisema jambo lenyewe halina mjadala: adui anakuja kwa sababu kwetu hana la kuogopa, tununue bunduki, kila nyumba moja. Baba akasema watu wa bunduki watashinda watu wa bunduki daima, kwani wao ndiyo kazi yao, na sisi kazi yetu ni samaki. Tuwafanye wahitaji samaki wetu. Walibishana mpaka magharibi. Mwisho kila mmoja akafanya lake. Mjomba aliuza chombo alichokuwa amekimaliza kuunda, akaenda Kismayu, akarudi na bunduki moja imeviringishwa ndani ya jamvi. Akaifukia bandani kwake, chini ya rundo la maranda ya mbao, na kila wiki aliifukua akaipaka sifa, yale mafuta ya papa anayopakia vyombo. Hakuwahi kuifyatua hata mara moja. Bunduki ile ilinuka kiasi kwamba adui angeweza kuikuta kwa pua.

Wale wa kwanza walipofika, vijana sita na mkubwa wao, baba aliwangojea pwani. Samaki walikuwa tayari juu ya makuti. Alimweleza mkubwa wao kwa Kisomali kizuri kabisa kwamba leo nyumba zimezidi moja, na nyumba hiyo ni yao, hivyo watoe alama. Nadhani hakuna mahali pengine duniani ambapo mtu angewaza jambo kama lile: kumwambia mwizi apange foleni na wenye mali. Yule mkubwa, kijana vilevile, akatia mkono mfukoni, akatoa ganda la risasi, akalitia kikapuni.

Mama akaitwa. Alikigusa chuma kile kwa vidole, akajua ni cha nani, na alikuwa amesimama mbele ya fungu la nguru mzima mnono. Angeweza kuliweka pale. Kila mtu pwani alimwomba kimoyomoyo aliweke pale. Mama akalirudisha kikapuni, akachanganya upya, akaendelea, na ganda la risasi likaja kutua kwenye fungu la tafi, dogo kuliko yote. Yule kijana aliliangalia fungu lake, akaliangalia la nguru, akacheka mpaka akakaa chini. Alisema hata babake mzazi hakuwahi kumtendea haki namna ile. Akachukua tafi wake. Mwenyewe samaki hakuwa akila, kwao ni watu wa ngamia, alikwenda kuwauza mjini.

Kuanzia hapo walikuja kila wiki, wakatoa alama, wakachukua walichopata, wala hawakugusa mashine hata moja. Baba alitembea kisiwani amejaa kifua. Alimwambia mjomba, mbele ya watu, kwamba ile bunduki sasa afugie kuku. Mjomba akajibu tu kwamba mwenye njaa akishiba, hufuatwa na mwenye njaa mwingine.

Naye hakukosea. Mji ulibadili mikono. Kundi jipya lilikuja asubuhi moja kwa boti mbili za mwendo kasi, na baba, maskini, akawapangia fungu. Waliyakanyaga mafungu kwa viatu. Nilikuwa mlangoni kwetu na nakumbuka vizuri, kwa sababu swali lao la kwanza halikuwa juu ya mashine wala dhahabu. Waliuliza bunduki ziko wapi. Walipekua nyumba kwa nyumba, wakakasirika kwa kuwa walikuwa wakitafuta nyingi wakakosa, wakaiona ile moja chini ya maranda, wakampiga mjomba kwa kitako cha bunduki hiyo. Hapo ndipo yale meno mawili yalipobaki. Wakachukua mashine zote, nyavu, pete za mama, wakachoma banda na chombo kilichokuwa kimeanza kuundwa ndani yake.

Kesho yake alfajiri, maji yalipojaa, tuliondoka kwenye mashua mbili kuukuu walizozidharau. Baba alishika usukani wa ile yetu. Tulikuwa watu thelathini na kitu, mjomba amelala ubavuni mwa mama na kitambaa cha damu mdomoni, na mbele yetu miamba ambayo baba peke yake aliijua bila kuiona. Tulisafiri baharini siku tatu. Tulipokanyaga Kenya, neno la kwanza baba alilomwambia mjomba lilikuwa kwamba bunduki yako imetuhamisha. Mjomba hakujibu, kwa kuwa mdomo ulikuwa umevimba. Alianza kujibu wiki ya pili, kambini, na hapo ndipo darasa langu lilipofunguliwa.

Kwa upande wangu niliwasikiliza kama mtu anayesikiliza redio anayoipenda. Baba alisema mgao ulikuwa umefanya kazi, na ungeendelea kufanya kazi hata na kundi jipya, laiti wasingekuja wakiwa na hofu ya bunduki. Mjomba alisema wasiokujua hawana haja na desturi yako. Baba aliuliza: nani basi aliyewaambia kuna bunduki, kama si wewe mwenyewe na wale uliokwenda kununua kwao? Kila alipofika hapo mjomba aliomba kahawa nyingine. Mimi nilidhani ameshindwa hoja, na moyoni nilimhesabia baba goli.

Mama alikuwa akichambua mchele pembeni. Mara moja tu katika miaka yote ile aliwaingilia. Aliwaambia kwamba walikaa msikitini tangu alasiri mpaka magharibi wakichagua kati ya bunduki na samaki, na hakuna aliyekuja nyumbani kumuuliza yeye, na angeulizwa angesema tuhame mapema, pamoja na vyombo na pete. Wakaendelea na ugomvi wao. Nilipofika mwaka wa tatu nikakuta kuna wanazuoni wanaouliza swali lile lile, wanawake walikuwa wapi wakati wanaume wanaamua vita na amani. Nikampigia mama simu kumpa habari hiyo. Akasema wamechelewa.

Nilikuwa kwenye mwaka wa mwisho, naandika tasnifu, mambo yalipoharibika kweli. Mjomba alipata viza. Binti yake mkubwa alikuwa Ulaya, ameolewa huko, na baada ya miaka ya kuhangaika na makaratasi alifanikiwa kumwita. Alikuwa amekwisha kuwa mzee, magoti yanamsumbua, na sote tulijua kwamba mtu wa umri ule akienda Ulaya harudi.

Kwetu mtu hafungi safari ya mbali bila kupeana radhi na watu wake. Anapita nyumba kwa nyumba, anasema kama nimekukosea nisamehe, unamjibu nimekusamehe, nawe unisamehe. Ni maneno machache na husemwa kwa wepesi, lakini anayeondoka bila kuyapata kwa mtu wake wa karibu huondoka na mzigo, na anayebaki hubaki na wake. Mjomba alipita kwa kila mtu. Alipofika kwa baba, baba akakataa. Akasema, kwa ile sauti yake ya chini, kwamba atatoa radhi siku mjomba atakapokiri kwa kinywa chake kwamba kisiwa kilipotea kwa ajili ya bunduki yake. Mjomba angeweza kusema ndiyo, yakaisha. Lakini alisema jambo la radhi hawezi kulisemea uongo.

Zilibaki siku nne. Mama alinipigia simu Nairobi, na mama si mtu wa kulia, siku hiyo alilia. Alisema nimesomeshwa ugomvi wa madola kwa miaka minne, basi nije niamue wa watu wawili. Akasema wote wamekubali, atakalosema mtoto watalipokea. Nilitaka kukataa. Nikimpa haki mjomba, baba ambaye tayari ana presha ataaibika mbele ya ukoo mzima. Nikimpa haki baba, mjomba atapanda ndege akiwa na hatia, akafie nayo kwenye baridi. Nilimwendea mhadhiri wangu kumwomba ruhusa, nikamweleza kisa chote kwa sababu nilihitaji mtu wa kunisikiliza. Aliniuliza nadharia gani nitaitumia. Nikamwambia, mwalimu, naitafuta ile itakayowabakisha wote wawili.

Akaniambia nirudie kusoma wale wanazuoni wa kundi la tatu, wanaosema kwamba silaha peke yake haina maana, maana yake inatokana na tunavyoonana sisi kwa sisi. Bunduki ya jirani unayemwamini haikunyimi usingizi. Bunduki ya mtu usiyemjua, hata ukiisikia tu, inakutoa jasho. Niliyasoma tena yale usiku kucha na mchana wake, na nikiwa bado Nairobi nikaona nimepata mlango. Nilifurahi mno. Nilijiona mjanja kuliko wote walioandika vitabu vile.

Nilifika Mombasa siku moja kabla ya safari. Ilikuwa Alhamisi, lakini mama alipika basta kama Ijumaa. Walikula sinia moja, na baba alimsogezea mjomba mnofu kama kawaida yake, akiwa amekunja uso. Kahawa ikaja. Nikatoa daftari langu.

Nilianza kwa kuwasifu wote wawili, maana hilo lilikuwa kweli. Nilimwambia mjomba kwamba wapo wanazuoni wakubwa wanaosema kama yeye, pasipo na mtawala kila mtu ajilinde, na kwamba kundi la pili la wenye silaha lilithibitisha maneno yake. Mjomba akainamisha kichwa kwa adabu. Nikamwambia baba kwamba wapo wakubwa wengine wanaosema kama yeye, na kwamba kundi la kwanza, lile lililokubali mgao, lilithibitisha yake. Baba akaniambia niendelee. Nikawaambia kwamba kwa hiyo wote walikuwa sahihi kwa watu tofauti, na kosa lao moja ni kudhani watu wote ni wa namna moja. Mama akatikisa kichwa kuonyesha naelekea vizuri lakini sijafika.

Ndipo nikaufungua mlango wangu. Nikasema bunduki yenyewe haikumwita mtu. Ilikaa chini ya maranda miezi mingi, ikinuka sifa, na hakuna aliyekuja kwa ajili yake. Kitu kilichofukiwa hakimtishi yeyote asiyekijua. Kilichowaleta wale watu, tena kwa hasira, tena wakitafuta nyingi, ni habari ya bunduki. Kwa hiyo, nikasema, nikiwa nimejaa furaha ya kumwokoa mjomba bila kumwangusha baba, swali si nani aliyenunua. Swali ni nani aliyesema, na hilo hatutalijua kamwe, huenda ni muuzaji, huenda ni mpita njia, basi tulifunge hapa mpeane radhi.

Baba aliweka kikombe chini, kikakosa kisahani, kahawa ikamwagika kwenye mkeka, na mama ambaye hawezi kuona mkeka umechafuka hakuinuka kuufuta.

"Ndimi," baba akasema.

Nilimuuliza yeye nini.

Hakunitazama mimi. Alimtazama mjomba. Alisema kwamba mji ulipobadili mikono alikuwa Kismayu, kwenye soko la samaki, na kijana mmoja wa kundi jipya alimshika ndevu mbele ya watu, akamwambia nyinyi wa visiwani ni kuku, zamu yenu inakuja. Na yeye, mtu wa mgao, aliyekuwa akimdhihaki shemeji yake kila siku, akaogopa. Alimwambia yule kijana wajaribu waone, kwetu kuna bunduki, kila nyumba moja. Aliamini watamwogopa. Walipokuja wakiuliza bunduki ziko wapi, alijua saa ile ile zimetoka kinywani mwa nani.

"Ndimi niliyewambia wale wachu," akasema tena, kwa lafudhi yetu ya kisiwani. "Meno yako ni mimi, mwamu."

Miaka kumi na mmoja nilikuwa nikimhesabia magoli. Nilitamani ningeyameza yale maneno yangu ya kitabuni, daftari na vyote. Mama alikuwa amejifunika mdomo kwa ncha ya leso. Baba alianza kulia, bila sauti, mabega yakimtikisika, na mimi sikuwahi kumwona baba akilia, hata siku tulipoiacha Chovae.

Mjomba alinyoosha mkono akakisimamisha kile kikombe kilichoanguka.

"Nalikiyua," akasema.

Baba akauliza alijuaje.

"Nalikuwa nyuma yako sokoni. Nilisikia neno kwa neno."

"Na mbona hukunena?"

Mjomba alifikiri kidogo, kama aliyeulizwa bei ya kitu alichokwisha kukisahau. Akasema kwamba siku ya kuondoka usukani ulikuwa mkononi mwa baba. "Ningalinena mle chomboni, wachu wasingalikuamini tena, na hakuna mwingine aliyeyua ile ndia."

"Na baadaye? Kambini? Hapa, Ijumaa zote hizi?"

"Baadaye nikazoea," mjomba akasema. "Nikaona ukinilaumu unapata nafuu. Mimi nilikuwa na banda limeungua na meno yametoka, ni vitu vya kuonekana. Wewe ulikuwa huna cha kuonyesha mchu."

Baba akaomba radhi. Hakuisema kama inavyosemwa njiani, kwa wepesi. Aliishika mikono yote miwili ya mjomba akaisema neno moja moja, na mjomba akamjibu vivyo hivyo, kisha akamwomba na yeye, kwa yale yote ya kunywa kahawa yake miaka kumi na mmoja. Mama akainuka sasa, akafuta mkeka, akamwambia baba kwamba na yeye ana la kuzungumza naye, lakini si leo.

Mimi nilirudi Nairobi nikaimaliza tasnifu. Ilihusu mgao, na namna watu wasio na mtawala wanavyoweza kuwekeana haki, na mhadhiri aliipenda. Habari ya sokoni sikuitia. Aliniuliza iwapo hukumu yangu ilifaulu, nikamjibu kwamba ilifaulu zaidi ya nilivyokusudia, na hakuniuliza zaidi. Wote wawili wamekwisha kututangulia sasa, mmoja kule kwenye baridi na mmoja hapa Mombasa, na mama amesema naweza kuiandika habari hiyo.

Siku ya safari gari lilikuja saa nne asubuhi nyumbani kwa mjomba, aliyekuwa amepanga ghorofani. Sanduku la mjomba lilikuwa kubwa na dereva alitaka kulibeba, na binamu zangu watatu walitaka kulibeba. Baba aliwaondoa wote. Akaliinua begani, mtu wa presha, mfupi kuliko sanduku lenyewe, akashuka nalo ngazi zote akipumzika kila sakafu, na mjomba alimfuata nyuma taratibu kwa yale magoti yake, akimwambia mwamu, kuna ngazi moja zaidi, weka mguu hapa.